Simu ya Upepo na Pwani ya Kusini

Historia ya pwani yetu tumezoea kuisimulia kwa mawe: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa, magofu ya Songo Mnara. Ni haki, maana mawe huonekana. Lakini iko nguvu nyingine iliyopita juu ya nchi hii bila kuacha gofu lolote, nayo iliamua mambo mazito. Nguvu hiyo ni mawimbi ya redio, au simu ya upepo kama ilivyoitwa zamani.

Tuanzie mwaka 1914. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliitafuta bila mafanikio mpaka mwezi Oktoba, walipoipekua meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa hapa Lindi na kukuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa yalipelekwa Rufiji. Hata hivyo kujua mahali si kupiga. Mikoko iliwazuia wapiga mizinga wasione shabaha yao. Ndipo Julai 1915 ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikaruka juu ya delta, na watazamaji waliomo wakatuma ishara za simu ya upepo kusahihisha mizinga. Tarehe 11 Julai ndege moja ilipigwa, na huku ikishuka mtazamaji wake aliendelea kutuma ishara. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya Wajerumani. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha angani, L 59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na tani kadhaa za risasi na dawa, kije kwa jeshi la Lettow-Vorbeck huku kusini. Kilipofika Sudan, magharibi ya Khartoum, kiliitwa kirudi kwa ishara kutoka mitambo ya Nauen karibu na Berlin. Maneno machache yalivuka maelfu ya kilomita kwa nukta moja. Wakati huohuo, katika nyanda zetu ambako vita vya Mahiwa vilipiganwa mwezi Oktoba, wapagazi walikuwa wakibeba mizigo kichwani na kufa kwa njaa na maradhi. Neno la mkubwa lilipaa. Mzigo ulibaki kwa mnyonge.

Kwa miaka mingi nilifundisha vita hivi, na daima niliwauliza wanafunzi: ni nani aliyeyajua mawimbi yale? Wapagazi hawakuwa na nafasi ya kuyajua. Lakini tusidhani kwamba elimu hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Maxwell aliyatabiri mawimbi hayo kwa hesabu, na Hertz akayathibitisha maabarani mwaka 1888. Mwaka 1895 Jagadish Chandra Bose, mwalimu wa chuo mjini Calcutta, katika nchi iliyotawaliwa kama yetu, alionyesha hadharani mawimbi ya milimita chache tu, akitumia vyombo vilivyotengenezwa kwao. Mawimbi ya jamii hiyo, yaitwayo maikrowevu, ndiyo yanayobeba sauti zetu leo kutoka mnara hadi mnara na kutoka satelaiti hadi ardhini.

Mawimbi marefu ya Nauen yaliufuata mgongo wa dunia. Maikrowevu huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ndiyo sababu minara hujengwa juu ya vilima na kutazamana. Tena yale yenye masafa ya juu hudhoofishwa na mvua. Matone makubwa ya masika si sawa na manyunyu ya Ulaya, na kanuni iliyopimwa kule yaweza kumdanganya fundi wa huku. Basi mtu apime mvua yetu, mwaka baada ya mwaka, na kuandika. Hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi wa uzamili na uzamivu: kujibu swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Milango ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, na taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha ilianzishwa kwa ajili ya masomo ya juu ya sayansi. Na haja tumeiona kwa macho. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa. Siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Barabara imekatika, waya umekatika. Kilichobaki kwa mtu wa kijijini ni wimbi la angani.

Msomaji mpendwa, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mitambo ni mgeni mwema, lakini mwenyeji hawezi kupona daima kwa dawa asiyoijua inavyochanganywa. Mwaka 1917 mawimbi yalipita juu ya vichwa vya babu zetu nao hawakuulizwa lolote. Wajukuu wao wana shule na vyuo. Wakipenda hesabu na fizikia wasivunjwe moyo nyumbani, maana yumkini mmoja wao ndiye atakayeipima mvua ya Lindi.