Casio SK-1

Casio SK-1 ni kinanda kidogo cha umeme kilichotengenezwa na kampuni ya Casio ya Japani katikati ya miaka ya 1980. Kina vitufe 32, spika na maikrofoni ya ndani. Kinaweza kurekodi sauti yoyote na kuipiga kama noti.

Kurekodi sampuli

Sampuli hudumu sekunde 1.4 hivi. Kinanda huchukua vipimo takriban 9,380 kila sekunde, kila kimoja cha biti 8. Hivyo masafa yanayozidi hezi 4,690 hivi, yaani nusu ya idadi hiyo, hayawezi kuhifadhiwa, na mlio wa matoazi hufifia.

Biti 8 hutoa ngazi 256 tu. Sauti ndogo mno hutumia ngazi chache na kumezwa na mvumo; iliyo kubwa mno hukatwa vilele na kukwaruza. Kwa sampuli safi, chanzo cha sauti huwekwa karibu na maikrofoni katika chumba kimya, au huunganishwa kwa waya ili kuepuka kelele za chumbani.

Upigaji

Noti ikipanda oktava moja, sampuli husomwa kwa kasi maradufu na kuisha kwa nusu ya muda. Kelele iliyorekodiwa hupanda nayo. Noti nne zikipigwa pamoja, kelele hiyo husikika katika kila moja.