Buibui wa Mbita na ndoto ya Profesa Odhiambo

Bibi yangu mzaa mama, pale Tanga, alikuwa haruhusu mtu aue buibui ndani ya nyumba yake. Nge alipigwa kandambili bila kesi, lakini buibui aliachwa na utando wake kwenye pembe ya dari. Alikuwa akituambia kwamba buibui ndiye aliyemsitiri Mtume kwa kutanda utando mdomoni mwa pango. Sisi wajukuu, kwa kuwa tulishaanza kusoma biolojia shuleni, tulikuwa tunachekea pembeni.

Nimemkumbuka bibi wiki hii baada ya mhariri wangu kunirudishia makala. "Buibui hauzi gazeti," akaniambia, "niletee habari." Sikubishana naye, maana yeye ndiye anayejua kinachouza. Ila mimi naamini hii ni habari, tena ni historia yetu, kwa hiyo naiweka hapa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1931, mjini Mombasa, alizaliwa mtoto aliyeitwa Thomas Odhiambo. Akasoma Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi ya wadudu waharibifu wa mazao Uganda, halafu akaenda Cambridge, Uingereza. Huko alichunguza mwili wa nzige wa jangwani, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1965. Angeweza kubaki Ulaya akala maisha yake taratibu. Akarudi Nairobi kufundisha.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, ngumu kutekelezwa: Afrika ijenge vituo vyake vya utafiti, vyenye hadhi ya juu kabisa, na humo Waafrika wenyewe wawe wanasayansi, siyo wabeba maboksi wa wageni. Fikirieni, nchi zetu zilikuwa hazijatimiza hata miaka kumi ya uhuru. Lakini wapo waliomsikiliza, akiwemo Carl Djerassi, mkemia maarufu kwa kazi yake ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwaka 1970 kikaanzishwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kifupi ICIPE. Makao yake makuu pale Kasarani yanaitwa Duduville. Neno letu dudu limeingia kwenye anwani ya wanasayansi wa dunia nzima!

Sasa twende Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mkabala na kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Hapo ICIPE ina kampasi ambayo leo ina jina la Odhiambo. Aliyewahi kufika kando ya ziwa hilo anajua wale wadudu wadogo wanaoruka makundi makundi kama moshi unaotoka majini. Hawaumi, ila wamefanana mno na mbu. Katika mazingira hayo ndipo mtafiti Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walipomkuta buibui mmoja mdogo, milimita tano tu hivi, anayeishi karibu na watu, kwenye kuta za nyumba na magogo ya miti.

Mwaka 2003 Jackson na mtaalamu wa Poland, Wanda Wesołowska, walimpa jina la kisayansi: Evarcha culicivora. Hilo la pili maana yake ni mla mbu. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Profesa Odhiambo alifariki dunia.

Huyu ni buibui mrukaji. Hategi utando akasubiri, bali anawinda kama paka: ananyata, anapima, anaruka. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa yenye uwezo wa ajabu. Mwaka 2005 Jackson, Ximena Nelson na Mkenya Godfrey Otieno Sune walichapisha jambo lililowashangaza wengi. Buibui huyu anapenda damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, lakini mdomo wake haukuumbwa kutoboa ngozi. Kwa hiyo anamtumia mbu kama chupa! Akiwekewa mbu jike aliyeshiba damu na wadudu wengine, anamchagua yule mwenye damu. Zaidi ya hapo anawapendelea mbu wa Anofelesi, hao hao wanaoeneza malaria.

Anawajuaje? Wanaokumbuka biolojia ya sekondari watajibu: mbu wa Anofelesi akitua huinua tumbo juu, wengine hulala sambamba na ukuta. Buibui naye anajua somo hilo, tena bila mwalimu. Watoto wake wadogo kabisa hupita nyuma ya Anofelesi, wakaingia chini ya lile tumbo lililoinuka na kumkamata kutokea chini.

Haya yote hayakupatikana kwa kukaa barazani na kutazama. Watafiti walichukua mbu waliokufa, wakawagandisha katika mkao wa mbu hai, wakamwonyesha buibui mmoja baada ya mwingine, wakaandika kila uamuzi wake. Kisha wakajaribu kwa harufu peke yake. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba buibui aliyekula mbu mwenye damu anapata harufu inayowavutia wa jinsia nyingine. Mwaka 2011 ikawa zamu ya soksi: kati ya soksi iliyovaliwa na mtu na soksi safi, buibui alivutwa na ile iliyovaliwa. Jamani, kuna watu duniani kazi yao ni kumnusisha buibui soksi chafu, mara mia kadhaa, bila kukata tamaa. Mimi nikipiga simu mara tatu haipokelewi, nanuna.

Mtu atauliza, mbu aliyeshiba si ameshaniuma tayari? Swali zuri. Vimelea vya malaria vikiingia kwa mbu havipo tayari kuambukiza siku hiyo. Vinahitaji siku kama kumi au zaidi kukua ndani yake. Kwa hiyo mbu anayeuawa usiku huu akiwa na damu ya mgonjwa hawezi kuipeleka malaria kwa mtoto wa jirani wiki mbili zijazo. Sisemi tutupe vyandarua tufuge buibui. Buibui mwenyewe anajulikana eneo la Ziwa Victoria tu, Kenya na Uganda. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, karibu 95 katika kila 100 wakiwa Afrika, wengi watoto wa chini ya miaka mitano. Kwenye vita ya namna hiyo, adui wa mbu anastahili tumjue.

Kinachonisumbua ni kwamba mimi, mtu wa Afrika Mashariki, mwenye digrii, mwandishi wa habari, nilimsoma buibui huyu mara ya kwanza kwenye gazeti la Uingereza. Odhiambo alishinda nusu ya vita yake: kituo kipo, na jina la Mkenya lipo kwenye utafiti wa mwaka 2005. Nusu iliyobaki ni yetu. Utafiti ukifanyika Mbita, ukachapishwa Marekani, ukasomwa London, halafu mkazi wa Mbita akaendelea kumponda buibui kwa ndala kwa sababu hakuna aliyemwambia, basi sisi wa kalamu tumefanya kazi gani?

Buibui wa bibi kule Tanga hakuwa huyu wa Mbita, najua. Lakini bibi alijua jambo moja ambalo sisi wasomi tulilicheka: kabla hujamuua kiumbe, kwanza uliza ana kazi gani. Kesho namrudishia mhariri makala yangu. Nitabadilisha kichwa cha habari tu, niweke malaria mbele na buibui nyuma. Tuone kama atauza gazeti.