Vipande vya Misitu vya Milima ya Taita

Vipande vya misitu vya Milima ya Taita ni mabaki ya msitu wa ukungu uliokuwa umefunika vilele vya milima hiyo, iliyoko Kaunti ya Taita-Taveta nchini Kenya. Milima hiyo ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale ambayo sehemu yake kubwa, tangu Upare na Usambara hadi Udzungwa, iko Tanzania. Na kwa kuwa imezungukwa na nyika kavu ya Tsavo, viumbe wake walitengwa muda mrefu hata zikatokea spishi zisizopatikana penginepo duniani.

Msitu ulifyekwa hatua kwa hatua ili kupata mashamba, kuni na mbao, kwani mvua hunyesha zaidi juu milimani kuliko tambarare. Uliobaki ni Mbololo, wenye takriban hekta 200, Ngangao, wenye takriban hekta 120, Chawia, usiofika hekta 100, na vipande vingine vidogo zaidi. Humo wamo ndege wawili walio hatarini kutoweka, mkesha wa Taita (Turdus helleri) na Apalis fuscigularis, pamoja na Boulengerula taitana, amfibia asiye na miguu ambaye asiyemjua humdhania nyungunyungu, na ambaye, tofauti na ndege hao, huweza kuishi hata mashambani.

Kipande kidogo hudhurika pia kwa athari ya ukingo, yaani jua na upepo kupenya kutoka pembeni na kukausha sakafu ya msitu. Mtafiti Luc Lens na wenzake walionyesha kwamba katika vipande vilivyoharibiwa zaidi, kama Chawia, miguu ya kulia na ya kushoto ya ndege hutofautiana urefu kuliko kawaida, dalili ya dhiki wakati wa kukua. Tena mkesha hapendi kuvuka mahali pa wazi, hivyo ndege wa vipande mbalimbali hukutana kwa nadra na kizazi hudhoofika.

Mikaratusi na misonobari iliyopandwa kati ya vipande hivyo huonekana kama msitu kwa mbali, lakini haiwapi viumbe hao makazi yanayowafaa. Kwa hiyo kulinda mipaka ya vipande pekee hakutoshi. Kinachohitajika ni kurudisha miti ya asili katika nafasi zinazovitenganisha, kwa kukubaliana na wenye mashamba ya jirani.