Upakaji rangi wa mageti

Upakaji rangi wa mageti ni kazi ya kusafisha, kukinga na kupamba milango mikubwa ya uzio au ya banda la gari kwa tabaka za rangi. Nchini Tanzania mageti mengi ni ya chuma na hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea; ya mbao na ya fibaglasi (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo) ni machache. Kwa sababu hiyo lengo la kwanza la rangi ni kuzuia kutu, na urembo hufuata.

Mazingira ya Shinyanga na Geita

Miji ya Kahama na Geita imekua pamoja na uchimbaji wa dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Nyumba zenye uzio zimeongezeka, na pamoja nazo kazi za mafundi wa mageti na mafundi rangi.

Shinyanga ni mkoa wenye ukame kiasi, na kiangazi chake hufika kilele kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo inafaa kwa kupaka rangi kwa sababu chuma hukauka vizuri, lakini vumbi jekundu la barabara za changarawe hunata kwenye rangi mbichi. Geita, iliyo karibu zaidi na Ziwa Viktoria, hupata mvua nyingi zaidi, hivyo huko kutu ni tatizo kubwa zaidi.

Wakati mzuri wa kazi ni asubuhi baada ya umande kukauka, kabla upepo na jua havijawa vikali. Rangi inayopakwa juu ya chuma chenye moto hukauka juu tu, kisha hutoa malengelenge.

Maandalizi

Rangi nyingi hubanduka kwa sababu ya maandalizi duni, hata pale rangi yenyewe inapokuwa nzuri. Hatua za kawaida ni hizi:

- Kugonga na kuondoa mabaki ya kuchomelea kwenye maungio.
- Kuondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane.
- Kuosha kwa maji na sabuni ili kuondoa vumbi na grisi, kisha kukausha kabisa.
- Kufuta kwa kitambaa chenye tina (kiyeyushio cha rangi).

Sehemu ya chini ya geti huoza kwanza, kwa kuwa hurushiwa matope wakati wa mvua na mabomba yake hushika maji ndani. Matundu madogo upande wa chini wa mabomba huruhusu maji kutoka.

Tabaka za rangi

Tabaka la kwanza ni rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya udongo mwekundu. Rangi hii haitoshi peke yake: hupitisha unyevu, na geti lililoachwa nayo kwa miezi mingi huanza kutu chini yake. Juu yake hupakwa tabaka mbili za rangi ya mafuta, kila moja baada ya iliyotangulia kukauka.

Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa tabaka moja. Geti la mita 3 kwa 2.2, likipakwa pande zote mbili, lina mita za mraba 13 hivi. Kopo la lita 4 hutosha tabaka mbili na kubaki kidogo. Mageti yenye mapambo mengi hula rangi zaidi.

Bati lenye zinki huhitaji rangi ya msingi maalumu. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, humenyuka nayo na kufanya utando kama sabuni, kisha hubanduka vipande vipande.

Mageti ya fibaglasi

Fibaglasi haipati kutu, lakini jua huchakaza uso wake mpaka nyuzi zianze kuonekana. Huoshwa kwa sabuni, hukwaruzwa kidogo kwa msasa laini bila kufikia nyuzi, kisha hupakwa rangi ya msingi ya kushikiza na rangi ya akriliki. Rangi nyeusi au nzito huvuta joto na inaweza kupindisha mlango.

Usalama

Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na kijani, zimekuwa zikitengenezwa kwa viambato vyenye risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio huathirika zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Hatari huongezeka geti kuukuu linapopigwa msasa mkavu au kuchomwa moto, kwani vumbi lake hutua uani ambako watoto hucheza na kuku hudonoa. Hivyo rangi kuukuu huloweshwa kabla ya kusuguliwa, watoto huwekwa mbali, na mabaki hukusanywa na kutupwa bila kuchomwa.

Mvuke wa tina hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo uchomeleaji haufanywi karibu na rangi mbichi. Fundi huvaa barakoa na hufanya kazi mahali penye hewa ya kutosha.