Jaha, Si Uso: Tafsiri ya Neno Mianzi katika Adabu za Biashara za Wachina

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika maandishi ya Kiswahili yanayoeleza adabu za biashara za Wachina, hakuna iliyodhulumiwa kama neno mianzi, ambalo limezoeleka kufasiriwa "uso", na kutokana na tafsiri hiyo ikazaliwa misemo ya "kupoteza uso", "kuokoa uso" na "kumpa mtu uso", ambayo msomaji wa Tanga au Lamu huielewa tu ikiwa amewahi kuisikia kwa Kiingereza. Kiswahili hakijawahi kumwokoa mtu uso, labda awe ameanguka kifudifudi. Kosa hili lingevumilika lau lingekuwa la urembo wa lugha peke yake. Lakini limewafanya wafasiri waunganishe dhana mbili ambazo Wachina wenyewe wanazitenganisha kila siku, na mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou au Yiwu akiwa amefunzwa dhana moja badala ya mbili hawezi kujua ni wakati gani amemkera mwenyeji wake kidogo na ni wakati gani amemvunjia utu.

Dhana hizo mbili ni lian na mianzi. Maneno yote mawili yana maana ya sura ya mtu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwanaanthropolojia Hu Hsien Chin alizitenganisha waziwazi katika makala yake ya mwaka 1944, akaonyesha kwamba lian ni imani ambayo jamii inaiweka katika uadilifu wa mtu, imani ambayo hata fukara anayo na ambayo akiikosa hawezi tena kukaa na watu kama mtu mwenzao, ilhali mianzi ni sifa anayojijengea mtu kwa mafanikio, cheo, elimu, ukarimu na wingi wa watu wanaomjua. Lian ama ipo ama haipo. Mianzi huongezeka na kupungua, hupiganiwa, hutolewa na mmoja akapewa mwingine. Kumwambia Mchina kwamba "hataki lian" (buyao lian) ni tusi zito la kuvunja urafiki, lakini mwenye karamu aliyekataliwa mwaliko anaweza kusema mwenyewe, tena mbele ya watu, kwamba amekosa mianzi, bila kujidhalilisha kwa lolote.

Historia ya maneno yenyewe inathibitisha tofauti hiyo. Silabi mian ni ya kale sana katika Kichina, na lian ilikuja baadaye mno, ikianza kwa kutaja sehemu ya shavu kabla ya kuenea usoni kote. Kiambishi zi kilichopachikwa nyuma ya mian kinaunda nomino tu, lakini nomino iliyoundwa haikubaki kwenye mwili wa mtu: kwa fundi cherehani, mianzi ni upande wa nje wa koti au mfarishi, ule unaoonekana na watu, na kinyume chake ni lizi, yaani bitana. Hadi leo Wachina husema kwamba mtu fulani amepata mianzi akakosa lizi, wakimaanisha kwamba amepata fahari ya nje na hakupata faida ya ndani. Neno lenye historia ya namna hiyo haliwezi kutoshelezwa na "uso", kwa sababu uso wa Kiswahili hauna bitana.

Chanzo cha upotofu ni Kiingereza, na ni vyema jambo hili lielezwe bila kuoneana haya. Wafanyabiashara, maofisa wa forodha na wamisionari waliokuwa katika bandari za China karne ya 19 waliyasikia maneno mawili wakayatia katika neno lao moja, na mmisionari Arthur Smith alipokichapisha kitabu chake kuhusu tabia za Wachina katika miaka ya 1890 akaipa dhana hiyo sura ya kwanza kabisa ya kitabu, tayari ikiwa imeshaunganishwa. Kisha Waingereza wakaongeza msemo wao wenyewe, ule wa kuokoa, ambao hauna asili katika Kichina. Mchina husema "kuacha mianzi" (liu mianzi), yaani kumbakizia mwenzake, na asiyelijua hilo hudhani kwamba kila mtu mezani anahangaika kujiokoa nafsi yake, ilhali adabu yenyewe inamtaka amwangalie mwenzake kwanza. Mwandishi Mchina Lu Xun aliandika makala nzima kuhusu mianzi mwaka 1934, na mwandishi mwenzake Lin Yutang akairudia dhana hiyo mwaka uliofuata katika kitabu alichowaandikia wageni. Wote wawili walikiri kwamba ni vigumu kuifafanua. Mfasiri wa Kiswahili aliyeichukua dhana hii kutoka Kiingereza, bila kugusa Kichina, ameokota kilichokwisha kuchujwa mara mbili.

Tiba zilizopendekezwa hadi sasa hazitoshi. Wapo wanaosema neno la Kichina liachwe lilivyo, nao wanasahau kwamba Kiswahili kina mianzi yake, wingi wa mwanzi, mmea unaojengewa na kufumiwa vikapu, na kina pia mianzi ya pua. Sentensi isemayo kwamba mkurugenzi "amepoteza mianzi" mbele ya wageni itasomwa na watu wengi kama taarifa ya wizi wa vifaa vya ujenzi. Wapo wanaotumia "heshima", neno tukufu lakini pana mno, kwani humtosha mzazi, bendera na maiti, na halibainishi kile kinachoweza kupewa mtu saa nne asubuhi na kunyang'anywa saa sita. Mfasiri mmoja mwenye jina kubwa ameshikilia "hadhi", na kwa kuwa ana jina kubwa wengi wamemfuata bila kuuliza; ila hadhi ya Kiswahili hukaa kwenye cheo au taasisi, kama tunavyosema hadhi ya hospitali ya rufaa au hadhi ya ubalozi, na hakuna Mswahili anayemwomba mwenzake ampe hadhi kwa kuja kwenye chakula cha jioni.

Neno linalofaa lipo, nalo ni jaha. Kamusi za Kiswahili zinalieleza kuwa ni heshima, fahari na cheo anachokuwa nacho mtu mbele ya watu, na pia bahati njema. Limetoka katika Kiarabu, jah, na wanaleksikografia wa Kiarabu wa zamani waliliona kuwa ni wajh, yaani uso, lililogeuzwa mpangilio wa herufi zake. Kwa hiyo Kiarabu kilikwisha kupita njia ileile ya Kichina, kutoka kwenye sura ya mtu hadi kwenye daraja lake machoni pa wengine, na Kiswahili kikalipokea neno baada ya safari hiyo kukamilika. Kutoka shina hilohilo tunalo wajihi, na tunalo kuwajihiana, yaani kukutana uso kwa uso. Anayetafuta tafsiri ya mianzi kwa Kiswahili amekwisha kuwekewa neno ambalo ndani yake mna uso bila uso kuonekana, na anachotakiwa kufanya ni kuinama na kuliokota.

Ushahidi wenye nguvu zaidi hautoki katika kamusi bali katika midomo ya watu. Katika dua za pwani huombwa "kwa jaha ya Mtume", maana yake muombaji hategemei stahili yake mwenyewe bali anaitanguliza daraja ya mwingine anayekubalika, ili ombi lipokewe kwa ajili ya huyo. Huo ndio muundo hasa wa msemo wa Kichina unaotumiwa na wasuluhishi wa biashara wanapomtaka muuzaji apunguze bei au amsamehe mdeni: kan zai wo de mianzi shang, ambao kwa neno lake lilivyo ni "tazama kwenye mianzi yangu", na kwa Kiswahili cha kweli ni "kwa jaha yangu". Hakuna tafsiri nyingine, si uso, si hadhi, si heshima, inayoweza kuingia katika nafasi hiyo bila kuchechemea.

Kwa upande wa lian, Kiswahili nacho hakikulala. Methali isemayo kwamba uso umeumbwa na haya inaeleza lian kwa maneno manne, na hapa, kwa lian peke yake, neno uso lina haki yake. Kitenzi cha kupotewa nayo kipo pia. Kutokana na umba tunapata umbua, kwa kiambishi kilekile kinachotengua tendo katika funga na fungua, ziba na zibua. Kumuumbua mtu ni kuuvunja uumbaji wake, na aliyefanyiwa hivyo ameumbuka. Wachina husema diu lian, kudondosha lian, nasi tuna neno ambalo ni zito zaidi na sahihi zaidi, na ni ajabu kwamba lugha yenye kuumbuka ikaazimishwa "kupoteza uso". Hata yule wanayemwita mwenye ngozi nene ya uso, hou lianpi, kwetu anajulikana kuwa ni mkavu wa macho.

Pendekezo la jaha lilipofikishwa mbele ya kamati moja ya istilahi, lilijibiwa kwa sentensi mbili: kwamba neno hilo ni la kishairi, na kwamba linachanganya heshima na bahati. Jibu la kwanza si hoja, kwa kuwa ushairi ndio uliolihifadhi msamiati wa lugha hii kwa karne kadhaa wakati hapakuwa na kamati yoyote, na kwa kuwa watu walewale hawakusita kulichukua neno ngeli kutoka Kihaya na kulifanya istilahi ya sarufi kwa taifa zima. Jibu la pili linawarudia wenyewe, maana hadhi wanayoipendelea inanasibishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya fungu na bahati, na hakuna aliyewahi kulalamika. Wanaolihofia jaha wakikumbuka yaliyoipata tarakilishi, iliyoshindwa na kompyuta, wanalinganisha visivyolingana, kwani tarakilishi iliundwa mezani kwa kuunganisha vipande viwili vya maneno, na jaha halikuundwa na mtu aliye hai.

Kuhusu matumizi, mambo ni mepesi. Gei mianzi ni kumpa mtu jaha, zheng mianzi ni kupigania jaha, liu mianzi ni kumwachia jaha au, kwa neno la nyumbani, kumsitiri, na miradi mikubwa inayojengwa kwa ajili ya kuonekana tu, mianzi gongcheng, ni miradi ya jaha. Mezani, mgeni mkuu huketishwa akiutazama mlango, kadi ya kazi hupokelewa kwa mikono miwili na kusomwa kabla ya kuwekwa, na mwenyeji huitwa kwa jina la ukoo na cheo chake. Vikombe vinapogonganishwa, mdogo hushusha ukingo wa kikombe chake chini ya ukingo wa kile cha mkubwa, na mkubwa akitaka kumrudishia jaha naye hukishusha chake, hata vikombe vyote viwili vikakaribia kugusa meza. Bei yenye kasoro haisahihishwi mbele ya wafanyakazi wa muuzaji, bali hutafutwa faragha. Na muuzaji anaposema yanjiu yanjiu, "tutalichunguza kidogo", au kwamba jambo "si rahisi" kwa sasa, mara nyingi amekwisha kukataa, akimwachia mnunuzi jaha ya kutokataliwa waziwazi; mkalimani anayeyafasiri maneno hayo neno kwa neno na kunyamaza humwacha mteja wake wa Kariakoo akisubiri jibu alilokwisha kupewa.

Wanaoandaa vitabu vya wafanyabiashara na matoleo yajayo ya kamusi za istilahi waweke basi vidahizo viwili pale walipokuwa na kimoja: lian, na tafsiri yake iwe uso, pamoja na kitenzi kuumbuka, na mianzi, na tafsiri yake iwe jaha. "Kupoteza uso" na "kuokoa uso" yafutwe.