Mkuki Dhidi ya Kifaru: Mantiki ya Vita katika Michezo ya Kompyuta

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona vyema tugusie jambo ambalo wanafunzi wetu wengi wanalifahamu kuliko walimu wao, nalo ni michezo ya kompyuta ya mikakati ya vita. Wapo wanafunzi wanaoweza kutaja silaha za Ulaya ya Enzi za Kati moja baada ya nyingine, na ukiwauliza walizisoma katika kitabu gani, hucheka. Hatukusudii kuwakemea. Tunataka kuichunguza mantiki ya vita katika michezo hiyo, ambayo mara nyingi huchekesha, kisha tuipime kwa vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu.

Asili ya michezo ya vita

Kucheza vita si jambo jipya. Sataranji ilitokana na mchezo wa Kihindi ulioitwa chaturanga, jina lililohusu sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Bao letu nalo ni vita, kwani kete huliwa na nyumba huvamiwa. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa kuwafunza maafisa, uliotumia ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupigana kwa wanasesere wa kijeshi, na mwaka uliofuata Ulaya ikaingia katika vita vya kweli.

Kompyuta ilipofika ilirithi desturi hiyo. Mwaka 1991 Sid Meier na Bruce Shelley walitoa Civilization, na mwaka 1997 ikatoka Age of Empires. Sehemu ya pili ya Age of Empires, iliyotoka mwaka 1999, ingali inachezwa hadi leo.

Mantiki yenyewe

Tuanze na uzazi. Katika Age of Empires II, mwanakijiji hugharimu chakula kiasi cha 50, naye hutokea akiwa mtu mzima baada ya sekunde 25. Kondoo mmoja ana chakula kiasi cha 100. Kwa hesabu hiyo, kondoo mmoja ni sawa na watu wazima wawili. Hakuna mtoto wala mzee, na hakuna mgonjwa.

Askari naye hula mara moja tu, siku anapozaliwa. Baada ya hapo anaweza kusimama mlangoni pa adui karne nzima bila kuomba hata uji. Mpiga mishale haishiwi mishale. Aliyejeruhiwa hadi kubaki na tone moja la uhai hupigana kwa nguvu zilezile za aliye mzima. Watu wenye panga huizunguka ngome ya mawe, wakaikatakata hadi ikaporomoka, na panga zao haziingii hata butu.

Kuna pia mtawa. Katika mchezo wa kwanza kuhani huimba "wololo", na adui anayeimbiwa hubadilisha rangi ya nguo na kuhamia upande wa pili papo hapo. Katika sehemu ya pili, mtawa aliyepata elimu ya kutosha huweza kuligeuza hata jengo. Mchezaji wa bao hatashangaa sana, kwani kete zilizoliwa hazitupwi nje, bali hupandwa upande wa aliyezila na kuanza kumtumikia.

Civilization ina kioja chake mashuhuri. Katika toleo la kwanza, kikosi cha kale chenye mikuki kiliweza kukishinda kifaru cha chuma, kwa sababu kila pambano liliamuliwa kwa bahati iliyopimwa kwa nguvu za pande mbili tu. Wachezaji walilalamika sana, na toleo la pili la mwaka 1996 likaongeza hesabu ya uhai na ya nguvu za silaha ili kupunguza maajabu hayo. Kwa Kiswahili, hata hivyo, habari hiyo haina kioja. Mtu mwenye mkuki kumwangusha kifaru ni kazi ya mwindaji hodari. Lugha yetu ililipa gari la vita jina la mnyama, na mnyama huyo anajulikana kuwa hufa.

Vita vyenye tumbo

Sasa tutazame vita vilivyopita kwetu. Kati ya mwaka 1914 na 1918 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilitua Tanga na kushindwa na kikosi kidogo sana cha von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano nyuki waliochokozwa waliwashambulia askari, na baadhi ya Waingereza waliamini kuwa huo ulikuwa mtego wa Wajerumani. Mwalimu wa Kiswahili hapaswi kuliacha tukio hili lipite. Mzinga hurusha makombora, na mzinga hufuga nyuki. Siku ile Tanga maana zote mbili zilikuwa vitani, na hatujui mchezo wa kompyuta uliowahi kuwapa nyuki nafasi yao.

Lakini tofauti kubwa zaidi ni tumbo. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara zilikuwa chache, hivyo mizigo ikabebwa vichwani. Tufanye hesabu ndogo. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20. Kilo 5 tu ndizo zinazomfikia askari. Kila hatua ya kusonga mbele ilihitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Wabelgiji nao, walioingia Kigali na kisha Tabora mwaka 1916, walitegemea migongo na vichwa vya watu.

Katika mchezo watu hao hawapo, wala hawana kitufe cha kuwaita. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwenye kioo cha kompyuta tembo hupigana usiku kucha na nyasi hubaki kijani.

Lugha imekumbuka

Kumbukumbu yao imehifadhiwa na lugha. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo lilipopita katika vinywa vya watu likawa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Mamilioni ya watu wamenunua nyanya na vitambaa ndani ya jina hilo bila kujua kwamba ni kumbukumbu ya wafu.

Hapa Uganda jambo hili linatuhusu kwa namna ya pekee. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini bado tunakutana na wanafunzi wanaoambiwa nyumbani kuwa ni lugha ya askari. Hatukanushi kwamba ilizungumzwa kambini na kwamba wapo walioamrishwa na kuumizwa kwayo. Tunasema tu kwamba aliyebeba gunia nyuma ya askari naye aliitumia, kuulizia njia, kuomba maji na kumzika mwenzake. Anayeiona lugha hii kama mali ya mwenye bunduki peke yake anasoma historia kwa mantiki ya mchezo wa kompyuta.

Hitimisho

Inafaa tukumbuke kwamba michezo hii nayo imeanza kutusogelea. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin na kupata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Civilization VII ya mwaka 2025 inayo Buganda. Basi walimu wasiifukuze michezo hii darasani. Wawape wanafunzi zoezi: waeleze kwa Kiswahili sanifu pambano moja walilocheza, kisha waandike upya wakijibu maswali matatu. Nani alipika? Nani alibeba? Nani alizika? Watakapotafuta msamiati wa kujibu maswali hayo, watakuwa wameanza kusoma historia.