Mwaka wa Jua na Mwaka wa Mwezi: Sikukuu za Waamazighi wa Afrika Kaskazini

Kila jamii huhesabu siku zake kwa namna inayoafikiana na kazi zake na imani yake. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Ndiyo maana mfungo wa Ramadhani mara huangukia wakati wa joto, mara wakati wa baridi, na huchukua miaka ipatayo 33 kuyazunguka majira yote. Hesabu hiyo yamtosha mwenye kufunga na kuhiji. Haimtoshi mwenye kulima. Mababu zetu wa pwani walilijua jambo hilo, wakawa na mwaka wa pili, mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, ambao waliuhesabu kwa makumi ya siku ili wazijue nyakati za kupanda na za kusafiri baharini. Anayetaka kuiona siku ya mwaka huo ikiadhimishwa na aende Makunduchi, Unguja, katika mwezi wa Julai. Katika insha hii tutawatazama Waafrika wengine, walio mbali nasi sana, ambao walikabiliwa na haja hiyo hiyo: Waamazighi wa Afrika Kaskazini, wajulikanao zaidi vitabuni kwa jina la Waberber.

Jina Berber si lao. Latokana na neno la Wagiriki na Warumi la kuwaita wageni ambao lugha yao haikueleweka. Wenyewe hujiita Imazighen. Wengi wao wako Moroko na Aljeria; wengine wako Tunisia, Libya, Mali na Niger, na Watuareg wa jangwani ni tawi lao. Waarabu Waislamu waliingia nchi hizo katika karne ya 7, na mji wa Kairouan uliasisiwa mwaka 670. Jeshi lililovuka bahari mwaka 711 kuingia Hispania lilikuwa kwa sehemu kubwa la Waamazighi. Katika karne za 11 na 12, dola za Almoravid na Almohad, zilizoundwa na Waamazighi kwa nia ya kuusafisha Uislamu, zilitawala kaskazini na kusini mwa bahari hiyo. Ibn Tumart, mwasisi wa Almohad, aliwahubiria watu wake kwa Kiamazighi. Yafaa mambo haya yakumbukwe tangu mwanzo, maana baadaye watatokea watu wa kudai kwamba Uislamu wa Waamazighi ulikuwa wa juu juu tu.

Mwaka wao wa jua waliupokea kutoka Roma. Ni ule uliowekwa na Julius Caesar mwaka 45 K.K., na majina ya miezi yake yangali yanaonyesha asili hiyo: Yennayer, Furar, Mares, Yebrir. Roma ilianguka, lakini kalenda yake ilibaki mashambani, kwa kuwa iliwafaa wakulima.

Usiku wa kuamkia Yennayer ni usiku wa kushiba. Huaminiwa kwamba atakayelala na njaa usiku huo ataandamwa na njaa mwaka mzima. Huko Kabylia, katika milima ya Aljeria, huchinjwa kuku na kupikwa kuskusu, na mahali pengi mboga zake huwa za aina saba. Kusini mwa Moroko hupikwa tagula, chakula kizito cha nafaka kilicho jamaa ya ugali wetu. Ndani yake hufichwa kokwa ya tende, na atakayeipata ndiye mwenye heri ya mwaka huo. Katika nyumba nyingine hukabidhiwa funguo za ghala. Hupikwa pia kunde na ngano nzima, nafaka ambazo huvimba chunguni, ili mavuno nayo yaongezeke. Kuna mahali ambapo hata mafiga ya jikoni hubadilishwa.

Mwalimu asifanye haraka kuyaita mambo haya ushirikina, bali atazame kwanza hali ya mkulima. Shayiri na ngano hupandwa baada ya mvua za kwanza, na huvunwa wakati joto linapoanza. Yennayer huja katikati: mbegu zi ardhini, baridi ni kali, na ghala linazidi kupungua. Huo ndio wakati ambao busara ya kawaida ingeamuru watu wale kidogo. Jamaa nzima hukaa badala yake kuzunguka sinia moja na kula kana kwamba mavuno yamekwisha kuingia. Kwa maoni yangu, chakula hicho ni namna ya kukana hofu mbele ya watoto.

Hofu yenyewe imehifadhiwa katika ngano isimuliwayo nchi nzima. Bibi kizee mmoja, alipoona Yennayer inamalizika bila mbuzi wake kudhurika, aliutoka nje na kuukejeli mwezi huo kwamba umepita na haukuweza kumfanya lolote. Yennayer akakasirika. Akaenda kwa Furar kukopa siku moja, akapewa. Akairudisha nchini na dhoruba ya theluji na upepo iliyomwangamiza bibi na mbuzi wake. Kwa sababu ya mkopo huo, wasema wasimulizi, Furar ni mfupi kuliko miezi yote. Wachungaji waliikumbuka siku ile na kuogopa kuwatoa wanyama wao.

Sasa tuje kwenye tukio la kihistoria ambalo naliona kuwa kiini cha habari hii. Katika karne ya 13, mjini Ceuta, mwanachuoni Abu al-Abbas al-Azafi, aliyefariki mwaka 1236, alisikitishwa kuona Waislamu wa mji wake na wa Andalusia wakisherehekea siku za Wakristo, pamoja na ile ya kwanza ya Januari, ambayo Waandalusia waliiita Nairuzi. (Jina hilo la Kiajemi lilisafiri mbali kuliko Waajemi wenyewe: liliwafika Andalusia kama lilivyotufika sisi.) Al-Azafi hakutosheka na kukemea. Alitambua kwamba sikukuu haiondolewi kwa makatazo matupu, naye akahimiza Maulidi ya Mtume yaadhimishwe kwa shangwe ili yachukue nafasi yake. Mwaka 1292 mtawala wa nasaba ya Marinid, ambao nao ni Waamazighi, aliyafanya Maulidi kuwa sikukuu rasmi ya dola.

Matokeo yalikuwaje? Maulidi yalishika mizizi, na Yennayer haikung'oka. Watu walizichukua zote mbili. Katika chemchemi za Gourara, katika jangwa la Aljeria, mahujaji husafiri kwa miguu siku nyingi katika Mfunguo Sita, wakizuru makaburi ya mawalii, na siku ya saba ya Maulidi hukusanyika kwenye zawiya ya Sidi El Hadj Belkacem, karibu na Timimoun, bendera zao mikononi.

Hali kadhalika siku ya Ashura, tarehe 10 ya Mfunguo Nne. Huko Djanet, karibu na mpaka wa Libya, Watuareg wa mitaa miwili hushindana kwa nyimbo za wanawake na ngoma za wanaume wenye panga, katika sherehe iitwayo Sebeiba. Wao huihusisha na kushindwa kwa Firauni mbele ya Nabii Musa. Na katika milima ya Atlas, baada ya kuchinja kwa Iddi Kubwa, kijana huvishwa ngozi za wanyama waliochinjwa, akaitwa Bilmawn, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwapiga watu kwa kwato. Anayepigwa hucheka na kuhesabu kwamba amepata baraka. Wazee waliochinja asubuhi hujitenga kando na kuwaachia vijana kijiji.

Wataalamu wa Ulaya waliyaandika mambo haya kwa wingi wakati wa ukoloni. Edward Westermarck wa Ufini, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya Moroko kilitoka mwaka 1926, aliishi nchini humo kwa miaka, na bila ya maandishi yake tungejua machache zaidi. Kasoro ilikuwa katika tafsiri. Bilmawn na Yennayer zilitajwa kuwa masalio ya upagani, na wanasiasa wa kikoloni wakaongeza la kwao: ya kuwa Mwamazighi si Mwislamu hasa, na kwa hiyo aweza kutenganishwa na Mwarabu. Tarehe 16 Mei 1930, chini ya utawala wa Wafaransa, ilitolewa amri huko Moroko ya kuwaweka Waamazighi chini ya mahakama za mila badala ya sheria ya Kiislamu. Watu walijaa misikitini wakasoma Ya Latifu, dua ya wakati wa msiba. Wamoroko wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa harakati za uhuru. Ilichukua muda hadi mtaalamu wa Moroko mwenyewe, Abdellah Hammoudi, alipoonyesha katika kitabu cha mwaka 1988 kwamba kuchinja kwa Iddi na mchezo wa Bilmawn ni pande mbili za tendo moja la watu wale wale.

Jeraha la 1930 halikupona kwa urahisi. Serikali zilizopata uhuru, Moroko mwaka 1956 na Aljeria mwaka 1962, ziliitilia shaka kila dai la Kiamazighi, zikihofia kurudi kwa siasa ya kugawanya. Mwezi Machi 1980 mhadhara wa mwandishi Mouloud Mammeri juu ya ushairi wa kale wa Kabylia ulipigwa marufuku mjini Tizi Ouzou, na ghasia zikafuata. Katika miaka hiyo wanaharakati walioishi Paris waliipatia Yennayer hesabu mpya ya miaka, inayoanzia 950 K.K., kwa kumbukumbu ya Shoshenq, mtu wa asili ya Libya aliyekuwa Firauni wa Misri. Hesabu hiyo ni changa kuliko wengi wanavyodhani; mlo wa usiku ule ndio wa kale.

Aljeria iliifanya Yennayer kuwa siku ya mapumziko ya taifa kuanzia Januari 2018, na Moroko ikafuata mwaka 2024. Aljeria huiadhimisha tarehe 12, Moroko tarehe 14. Kwa hesabu ya Caesar, Moroko ndiyo iliyo sahihi, maana kalenda yake sasa imebaki nyuma ya yetu kwa siku 13. Tarehe 12 ilikuwa sahihi katika karne ya 18, na watu wa Kabylia hawaelekei kuihamisha.